Chokaa Chini ya Ajisai

Kila asubuhi kabla ya shule, Fumika aliokota konokono kwenye vichaka vya ajisai vilivyoota kivulini, nyuma ya nyumba yao mjini Kanazawa, Japani. Maua yake, makubwa kama kabichi, yalikuwa ya buluu tangu enzi za bibi yake.

Asubuhi moja ya msimu wa mvua alishtuka. Kichaka cha pembeni kilikuwa kinachanua maua ya rangi ya waridi.

Fumika alijua sababu. Vuli iliyopita, Babu alimpa mfuko wa chokaa autawanye kwenye tuta la spinachi, kwa kuwa udongo wao ulikuwa mchachu. Rafiki zake walikuwa wakimngoja wakacheze, basi akaumwaga wote chini ya kichaka kile na kurudi kusema, "Tayari, Babu." Spinachi zikatoka za manjano, fupi kama nyusi. Babu akaenda kumfokea rafiki yake Ogino, muuza mbegu, kwamba amemuuzia mbegu mbovu. Tangu siku hiyo hawakusalimiana, wala hawakucheza tena shogi, mchezo wao wa ubao unaofanana na sataranji.

Babu alipotoka na chai yake, alimkuta mjukuu wake amelowa chapachapa, mwavuli ameushikilia juu ya kichaka.

"Unafanya nini?"

"Nakikinga na jua, Babu."

Babu akatazama mawingu. "Jua gani?"

"Litakalotoka baadaye."

"Hebu sogea." Akayaona maua. "Chokaa ndiyo inayogeuza buluu kuwa waridi. Nani kaimwaga hapa?"

Fumika alifikiria kumsingizia paka wa jirani, lakini paka habebi mifuko. "Ni mimi, Babu," akasema. "Sikuitia kwenye tuta hata kidogo. Mzee Ogino hakukosea."

Babu akaimwaga chai yake, iliyokwisha kujaa maji ya mvua. "Twende," akasema.

Dukani kwa Ogino, Fumika aliinama akaomba radhi. Babu akainama zaidi yake.

"Muda wote huu nacheza shogi na mke wangu," Ogino alinung'unika. "Ananifunga kila siku, halafu anawasimulia majirani."

"Basi lete ubao," Babu akasema.

Walipokuwa wakipanga kete, Babu alimgeukia Fumika. "Uvivu wako ulituharibia mboga, na mboga hupandwa tena. Uongo wako ndio ulionikosesha rafiki, na hasira zangu zikamalizia. Siku nyingine kazi ikikushinda, niambie. Na mimi nitauliza kabla ya kufoka."

"Vizuri," Ogino akasema. "Sasa cheza, usijifiche nyuma ya mawaidha."