Kona Aliyoijua

Mke wa Fundi alizijua kona za njia ambayo aliapa hajawahi kuipita.

"Punguza. Mbele kuna kona kali."

Fundi hakuona kona. Aliona ukungu wa bahari na michongoma iliyobana njia mpaka inakwaruza vioo vya gari. Akapunguza. Kona ikaja.

"Umejuaje?"

"Nimeona tu."

"Kwa macho gani? Ya paka?"

"Baba Mapacha, umenileta kutembea au kunihoji?"

Gari lilikuwa la mteja aliyekufa kwa ajali. Fundi alilinyoosha bodi, akalipaka rangi upya, na kawaida yake kila gari akilimaliza hulijaribu safari ndefu. Ndugu wa marehemu alimwandikia: "Lijaribu njia ya pwani, Fundi. Marehemu alikuwa haachi kwenda huko." Fundi akaona heri ampe na mkewe raha ya siku nzima.

Walikwenda taratibu. Nyumba za njiani zote zilikuwa zimefungwa. Nguo zimeanikwa, mtu hakuna.

Trekta likatokea mbele. Njia haitoshi.

"Rudi nyuma, kuna upenyo baada ya ukuta," mke alisema bila kugeuka.

Upenyo ulikuwepo. Mzee wa trekta alipowafikia akasimama, akainama dirishani.

"Shemeji! Pole sana kwa kufiwa na mumeo. Mbona mazishini hatukukuona?"

Trekta likapita. Fundi alibaki ameshika usukani, kama mtu aliyeambiwa kwamba ameshazikwa.

"Amenifananisha," mke alisema.

"Na kiti nacho kimekufananisha? Kila abiria akiingia gari geni huhangaika na kiti. Wewe umekaa tu, kikakutosha."

Machozi yakamtoka mkewe.

"Nilipokaa ndipo nikajua ni gari lake. Ningekwambiaje?"

"Lile bega. Ulisema umeteleza bafuni. Nikakukanda wiki nzima kwa mikono yangu hii."

"Tuligonga ukuta, pale kwenye kona. Akabanwa. Nikipiga simu utajua nilikuwa na nani. Nikaondoka kwa miguu. Alikuwa kimya, mume wangu, nilidhani ameshakufa!"

Fundi akazima injini. Bahari ilisikika chini yao, haionekani.

"Gari hili lililetwa betri imekwisha kabisa. Nilijiuliza, gari lililogonga ukuta limemalizaje betri? Alikuwa anapiga honi."

"Nyamaza."

"Uliisikia?"

Mke akaziba masikio kwa viganja, mchana ule, kwenye njia tupu, kana kwamba bado inalia.

"Mpaka barabara kuu," alinong'ona. "Niliisikia mpaka barabara kuu."

Jioni Fundi alimshusha kwenye geti la kituo cha polisi. Aliingia mwenyewe.

Hasara ni hii. Mtu mmoja kaburini. Mwanamke mmoja gerezani. Ndoa ya miaka tisa. Na mapacha wawili wanaolala kwa bibi yao: mmoja anauliza mama atarudi lini, mwenzake ameshaacha kuuliza.