Ukingo wa Sentimita Mia na Ishirini

Jumamosi saa nne asubuhi, hakuna mtu mwenye akili timamu anayesimama katikati ya njia ya kituo cha kupokea taka za majumbani. Magari yanapanda, magari yanashuka, na kila dereva amebeba nusu ya nyumba yake: godoro, matawi ya ua, chupa, friji iliyokufa, na hasira zake za wiki nzima. Mwanamke mmoja alisimama. Alivaa gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni na raba nyeupe ambazo hazingemaliza saa moja zikiwa nyeupe. Alikuwa ameinama na tepu ya kupimia, anapima upana wa njia, huku magari kumi na saba yakimpigia honi.

"Dada, utagongwa," sauti ilisema nyuma yake.

"Subiri kidogo."

"Mimi nitasubiri. Huyu mwenye pikapu na kabati hasubiri. Sogea."

Aliyesema ni msimamizi wa kituo, mwanaume mrefu mwenye kizibao cha rangi ya chungwa kilichopauka na glavu za ngozi ambazo wenzake walidai analala nazo. Kituoni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Glavu, na hata yeye alishazoea.

"Unapima nini?"

"Nataka kujua kwa nini foleni inakwama hapa."

"Hilo nitakuambia bure. Inakwama kwa sababu aliyechora kituo hiki hajawahi kutupa hata ganda la ndizi. Alikaa ofisini kwenye kiyoyozi, akapiga mistari yake, akaenda kula. Tazama kona ile, ukiwa na trela hukati. Halafu tazama ukingo wa chuma kule juu. Ule ni wa kituo cha taka au wa gereza?"

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyechora."

Mtu mwingine angeona haya. Glavu alivua glavu moja, akampa mkono, akasema, "Afadhali umekuja. Nina mambo kumi na moja."

Mimi ninayewasimulia nilijua pale pale kwamba hawa wawili watanichosha, na walinichosha kweli.

Mambo kumi na moja hayaishi kwa siku moja. Alirudi Jumatatu na michoro, akarudi Alhamisi na rangi ya kuchorea mishale. Kona wakaipanua, foleni ikapungua. Wafanyakazi wakaanza kumwita Mchoraji na kumtengea kiti kibandani. Kufikia mwezi wa pili tangu wajuane, walikuwa wanapigiana simu kuhusu mambo ambayo hayakuwa na kona wala foleni.

"Umekula?" Glavu anauliza.

"Nimekula. Wewe umeoga?"

"Mara mbili. Unaninusa kwenye simu?"

"Nakujua. Leo ilikuwa siku ya kontena la matawi yaliyooza."

"Mpenzi, mwanamke anayejua ratiba ya matawi yangu nitamwacha vipi?"

Mchoraji anacheka mpaka dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye, anagonga ukuta. Walipendana, sitawanyima hilo. Walipendana vizuri, kwa utani mwingi na adabu kidogo. Lakini kati ya yale mambo kumi na moja, kumi yaliisha na moja likabaki, nalo ni ule ukingo.

Ili unielewe, nikueleze kituo kilivyo. Kuna jukwaa la zege lililoinuka, magari yanapanda juu yake. Pembeni, chini, yamepangwa makontena: karatasi, chupa, vyuma chakavu, mbao, matawi. Mtu anasimama juu anatupa chini. Ili asianguke, ukingo wa chuma umezunguka jukwaa lote, na Mchoraji aliuchora sentimita mia na ishirini. Mtu mzima wa kawaida unamfika kifuani. Ukiwa na nguvu, mfuko unaurusha. Ukiwa mama wa miaka sitini na nane mwenye bega bovu, kama mama yake Glavu, mfuko unarudi nao nyumbani au unauacha getini mbwa wauchane. Kila asubuhi Glavu alikusanya mifuko ya wazee getini, na kila asubuhi alipiga simu.

"Kipenzi, kuhusu ukingo—"

"Usiguse ukingo."

"Sijamaliza."

"Mimi nimemaliza."

"Nipe sababu basi."

"Sababu ni kwamba mchoro una sahihi yangu. Umekula?"

Mara saba. Nilizihesabu. Mwanamke mwenye kinywa chake, aliyeweza kueleza kona kwa dakika arobaini, hakuweza kutoa sababu moja. Na mwanaume aliyeambiwa mara saba asiguse, unadhani alifanya nini?

Aliugusa. Jumanne, baada ya kumwona mama yake amekaa chini kando ya gari, ameshika bega, hataki kusaidiwa, Glavu alichukua mashine ya kukatia chuma, akapunguza kipande cha mita mbili mbele ya kontena la karatasi. Alikishusha mpaka sentimita tisini. Alikisugua, akakipaka rangi, kazi safi kabisa, na hakumwambia mtu.

Mchoraji alifika Jumatano asubuhi kujiandaa na mkaguzi wa usalama aliyekuwa anakuja Ijumaa. Alipanda jukwaani na sketi yake nyeusi ya kikazi na faili kwapani, akafika mbele ya kontena la karatasi, akasimama. Hakutoa hata tepu. Jicho lake lilitosha.

"Nani amekata hapa?"

"Mimi. Ni mita mbili tu, mpenzi, na wazee tangu jana—"

"Nilikuambia nini?"

"Uliniambia nisiguse. Hukuniambia kwa nini."

"Mtu alianguka," alisema. Alisema polepole, macho yakiwa kwenye chuma. "Miaka mitatu iliyopita, kwenye kituo changu cha kwanza, mji mwingine. Mwalimu mstaafu. Ukingo ulikuwa sentimita tisini, hizi hizi ulizonipimia hapa. Alitumbukia kwenye kontena la vyuma, akavunjika nyonga, mpaka leo anakaa kwenye kiti cha magurudumu. Ripoti iliandika kwamba aliinama kupita kiasi. Tangu siku hiyo nachora mia na ishirini. Umeridhika?"

Glavu alijisikia vibaya. Lakini naye ana kichwa chake.

"Kwa nini hukuniambia? Nilikuuliza mara saba."

"Na wewe kwa nini hukungoja mara ya nane?"

"Mama yangu alikuwa amekaa chini kwenye lami."

"Na mimi kama siwezi kukuachia mita mbili za chuma bila wewe kuzikata kisirisiri, nitakuachia nyumba? Nitakuachia watoto? Usinipigie."

Akashuka ngazi. Dereva mmoja aliyeshika boksi la magazeti aliuliza kama anaruhusiwa kutupa sasa. Glavu alimwambia atupe tu.

Mchana ule ule alichomelea chuma kipya juu ya kile alichokata. Ijumaa mkaguzi alipima, akaandika kwamba ukingo unafaa, akaondoka, na wazee wakarudi kuacha mifuko getini. Glavu alipiga simu thelathini na moja. Hazikupokelewa. Aliandika ujumbe, "Nimerudisha. Nisamehe." Alijibiwa, "Vizuri kwa kituo." Hapo ndipo alipoelewa kwamba kituo kimesamehewa na yeye bado.

Simu iliyopokelewa ni ya mama yake Glavu, kwa sababu Mchoraji hakuwa na namba yake.

"Mwanangu, ni mimi mama yake yule mpumbavu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Eti mmeachana kwa sababu ya bomba?"

"Siyo bomba, mama. Ni uaminifu."

"Sawa. Mimi bega langu halijui uaminifu, linajua kuuma tu. Sikukupigia kwa ajili ya bega. Huku kwangu mtu hali, anakaa na glavu mezani. Umemfanya nini?"

"Yeye ndiye amenifanya, mama."

"Basi mmefanyana. Mkimaliza kununiana mniambie, nimechoka kupika chakula cha kumwaga."

Mchoraji alikata simu akalia, kisha akajikasirikia kwa kulia, kisha akamkasirikia Glavu kwa sababu ndiye aliyemfanya ajikasirikie. Alimpenda. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Glavu, kwa upande wake, hakuweza kulala na ule mstari wa ripoti. Aliinama kupita kiasi. Miaka miwili amesimama kwenye jukwaa akiwatazama watu wakitupa taka, na hajawahi kuona mzee akiinama juu ya ukingo. Wazee wanaogopa. Vijana ndio wanaoinama. Akampigia msimamizi wa kituo kile cha mji mwingine, akaomba aelekezwe nyumbani kwa Mwalimu, na siku yake ya mapumziko akapanda basi la saa mbili na nusu. Alirudi jioni. Kesho yake alikuwa mlangoni mwa ofisi ya Mchoraji, ameoga, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, mikono mitupu.

"Nimeenda kumwona Mwalimu."

Mchoraji aliweka kalamu chini. "Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Tena. Umefanya tena. Unaingia kwenye maisha yangu na mashine yako, unakata, halafu unakuja kuniambia."

"Ndiyo. Nimekosa. Lakini ana neno anataka kukuambia mwenyewe. Alinizuia nisikuambie mimi. Amesema, mlete."

Kwa miaka mitatu Mchoraji aliogopa mlango mmoja tu duniani, na sasa mtu aliyemkasirikia kuliko wote alikuwa anamwambia akabishe hodi. Angeweza kukataa. Alichukua mkoba kwa hasira, kwa sababu hasira ilikuwa inatembea na woga ulikuwa umekaa.

Walipanda basi. Mchoraji alikaa dirishani, Glavu akakaa kiti cha nyuma yake, kama alivyoelekezwa.

Sebule ya Mwalimu ilikuwa na pazia la bluu, redio iliyopunguzwa sauti, na vitabu mpaka darini. Mwenyewe alikuwa mfupi, amenyoa safi, amefunga vifungo vyote vya shati, amekaa kwenye kiti cha magurudumu mbele ya meza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa miaka mitatu. Kaa."

Alikaa.

"Walikuja watu na kamera," Mwalimu alisema, "wakapima ukingo, wakapima kontena, wakapima mpaka kivuli. Mimi hakuna aliyenipima wala kuniuliza kitu. Nilikuwa hospitali, nina kinywa, nina akili zangu zote. Unajua nilivyoanguka?"

"Uliinama kupita kiasi."

"Nani amekuambia? Mimi nilikuwa na mfuko wa vyuma vya kitanda. Nikajaribu kuunyanyua nipitishe juu ya ukingo, ikashindikana, ulikuwa juu mno kwangu. Nikaona kreti tupu ya soda. Nikaigeuza, nikapanda juu yake. Kreti ikateleza, mfuko ukanivuta."

"Hakukuwa na kreti kwenye ripoti."

"Walionitoa mle ndani waliisogeza ili machela ipite. Itaandikwaje?" Mzee alimtazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyekosea hesabu rahisi. "Sasa hivi unachora urefu gani?"

"Sentimita mia na ishirini."

"Basi mtu atageuza kreti mbili."

Mchoraji akahesabu moyoni. Miaka mitatu, vituo vitano, na kila kimoja amepandisha chuma kwa ajili ya mzee huyu, akidhani anamkinga. Alilia waziwazi, mikono usoni, na Mwalimu akamwacha alie, akaongeza sauti ya redio kidogo ili asione aibu. Glavu alisimama mlangoni hajui pa kuweka mikono yake.

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nilishasamehe zamani. Nilichokuwa nangoja ni kuulizwa. Haya, futa machozi, una karatasi?"

Alikuwa nayo. Walichora pamoja, wote watatu, wakigombana. Ukingo ubaki mrefu. Lakini kila mita tatu kuwe na kijilango chini, usawa wa magoti, chembamba kiasi kwamba mfuko unapita na mtu hapiti, na nyuma yake bati lililoinama linalopeleka mzigo kwenye kontena. Husukumi juu, unasukuma mbele. Mwalimu alitaka kiwe na upana wa sentimita hamsini, Glavu akasema arobaini, Mchoraji akasema atakayechora ni yeye na wote wanyamaze.

Walipotoka nje aliegemea ukuta wa nyumba, macho mekundu, karatasi mkononi.

"Bado nina hasira na wewe," alisema.

"Najua."

"Ulikata bila kuniuliza. Ukaja huku bila kuniuliza. Kuna kingine umeshafanya sijakijua?"

"Hakuna. Kuna kimoja nataka, ila hicho nauliza kwanza."

"Uliza."

"Nikuoe?"

Alimtazama, shati lake jeupe limekunjamana kwa basi, uso wa mtu asiyekula vizuri. "Sikupata usingizi wiki mbili kwa ajili yako," alisema. "Nimechoka kabisa. Ndiyo."

"Ndiyo?"

"Nimesema ndiyo, usinirudishe nyuma. Ila siku nyingine nikikukatalia kitu bila sababu, keti, usitoke, niulize mpaka niseme."

"Na ukinikatalia mara saba?"

"Uliza ya nane."

Akamkumbatia pale pale ukutani, akamwachia ghafla, akageuka akarudi ndani. Alitaka kumwambia Mwalimu kabla ya dada yake, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwalimu alisikiliza habari yote, akamtazama Glavu aliyekuwa amefuata mpaka mlangoni, akauliza, "Huyu ni mtu wa kusikia anapoambiwa?"

"Hapana, Mwalimu," alisema Mchoraji. "Lakini yeye ndiye aliyekuja kukuuliza."