Baba Aliyeshika Mlango

Wazazi wenzangu, habari hii ni ya nyumba inayopakana na yangu hapa kijijini kwetu Kochkor. Siiibi kwa wenyewe. Mederbek, baba wa nyumba hiyo, aliniambia kwa kinywa chake, "Isimulie, Shemeji, wala usilifiche jina langu." Basi tulieni mnisikilize.

Asubuhi moja ya mwezi wa Mei, Mederbek na watu wake walikuwa shambani nyuma ya nyumba wakipanda viazi. Yeye alitangulia na jembe, mkewe Gulsana akafuata akiweka mbegu, na binti yao Aizirek akawa anafukia kwa mguu. Bibi Sairakan, mama yake Mederbek, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akitenga mbegu zilizooza.

"Bibi, hicho unachotupa ni kizima," Aizirek alisema.

"Kizima kama meno yangu," bibi akajibu, na wote wakacheka, kwa sababu bibi alikuwa amebakiwa na meno ya kuhesabika.

Aizirek alikuwa na miaka kumi na minne. Majuzi tu alikuwa amerudi kutoka Naryn na medali ya mieleka ya wasichana wa mkoa, na mtaa mzima ulikuwa ukimwita bingwa. Mederbek, fundi wa matrekta asiyependa maneno mengi, siku hizo alikuwa akisimamisha watu njiani ili waulize habari za binti yake.

Hapo ndipo gari la Kocha Bakas liliposimama getini. Alikaribishwa chai na krimu kwenye kiti cha heshima. Hakuinywa.

"Mashindano ya taifa ni mwezi ujao," alisema. "Katika uzito wake kuna msichana wa Bishkek ambaye hashikiki. Lakini kundi la chini yake liko wazi kabisa. Akishuka kilo nne, dhahabu ni yetu. Akipata dhahabu, shule ya michezo ya mji mkuu itamchukua."

"Mtoto bado anakua, mwalimu," Gulsana alisema. "Atashukaje?"

"Kukua kutamsubiri, mama. Niachieni mimi. Ila nyumbani msiniharibie kazi."

Gulsana alimtazama mumewe. Mederbek akatikisa kichwa kukubali, na mambo yakaishia hapo.

Kazi ya kocha ilikuwa hivi. Kila jioni mizani iliwekwa katikati ya ukumbi wa mazoezi, wasichana wakapanga mstari, na kilo za kila mmoja zikasomwa kwa sauti ili wazazi waliokaa kwenye mabenchi wasikie. "Gunia limejaa tena," kocha alisema zamu ya Aizirek ilipofika. Wenzake wakacheka, maana asiyecheka angeulizwa kwa nini hacheki. Kisha akamchapa kwenye mashavu ya miguu kwa kamba ya kurukia, akamvalisha suti ya nailoni chini ya koti la sufu, na kumwambia akimbie kuzunguka ukumbi. Maji alisukutua na kutema. Kocha alisimama mbele yake kuhakikisha kwamba ametema.

Mederbek alikuwa kwenye benchi. Aliona miguu ya mwanawe ikivimba mistari. Alipofika nyumbani, Gulsana alikuwa ameshaiona pia.

"Baba Aizirek, yule mtu anampiga mtoto."

"Hata mimi nilipigwa na makocha. Nimekufa?"

"Hukufa. Lakini sijawahi kukuona ukienda kumsalimia hata mmoja wao."

 Mederbek alikwenda akafunga kabati la mkate kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni. Bibi Sairakan, ambaye alizaliwa miaka ya njaa, alimwangalia akifanya hivyo. Akageuza uso kuelekea ukutani.

Baadaye kidogo ndugu yao mmoja alifanya sherehe ya mtoto aliyeanza kutembea. Mnajua sherehe zetu. Nyama ilikuwa tele, na maandazi yalimwagwa juu ya kitambaa cha chakula yakafunika meza yote. Kocha Bakas alikuwa mgeni wa heshima. Aizirek aliketi mbele ya vyote hivyo akiwa na kikombe kitupu. Shangazi mmoja akamsukumia sahani. Baba yake akairudisha.

Watu walipokuwa wakiimba, msichana akatoweka. Mederbek alimkuta kwenye chumba cha makoti, amechuchumaa nyuma ya viatu vya wageni, andazi mdomoni. Akamshika mkono, akamleta mbele ya watu wote.

"Fungua mdomo."

"Baba, tafadhali. Watu wanatuangalia."

"Fungua. Tema."

Akalitema kwenye kiganja cha baba yake. Kocha akacheka, akasema, "Bingwa wetu amekuwa panya wa ghalani," na wageni wakacheka pamoja naye. Aizirek alisimama pale akiangalia vidole vyake vya miguu. Hakulia. Mama yake alimvisha koti, wakaondoka, na barabara nzima msichana alirudia neno moja tu: "Wamecheka, Mama. Wote wamecheka."

Gulsana alikuwa na hasira, lakini alikuwa na hofu pia. Jamaa wote walikuwa wameshaambiwa kuhusu shule ya mji mkuu. Alijiambia kwamba zimebaki siku chache tu, yatapita.

Siku ya kusafiri kwenda mji mkuu, Bishkek, kwenye mashindano ikafika. Adhuhuri, mizani ilionyesha bado kilo moja na kitu. Kocha alikuwa na bafu la mvuke uani kwake, kile kijumba cha mbao chenye jiko la mawe ambamo familia zetu huoga. Alilichochea mpaka mbao zikanuka, akamwingiza Aizirek akiwa na ile suti ya nailoni.

"Nakwenda kutia gari mafuta," alimwambia Mederbek. "Wewe shika mlango. Atagonga. Wote hugonga. Ukimfungulia, kazi yote imepotea."

Mederbek akaegemeza mgongo wake mlangoni.

Baada ya muda akasikia kugonga.

"Baba, nifungulie. Sioni vizuri."

"Bado kidogo, mwanangu. Vumilia."

"Baba, kichwa changu. Naomba hewa tu, halafu narudi."

"Bado kidogo."

Aligonga tena, safari hii polepole. Kisha akanyamaza. Na sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hili aliniambia bila kunitazama usoni: alipoacha kugonga, Mederbek alijisikia fahari. Alidhani mtoto amekomaa.

Kocha aliporudi, walifungua wakamkuta amelala kwenye sakafu, ngozi kavu, inawaka moto, macho yamegeuka. Walimmwagia maji. Hakuamka. Njiani kuelekea hospitali, kocha akiendesha na Mederbek akiwa amempakata binti yake kiti cha nyuma, Bakas alizungumza kwa sauti ya utulivu sana.

"Tutasema aliteleza akioga. Ni ajali. Umenisikia? Mimi nikianguka, na wewe unaanguka. Mlango uliushika wewe."

Madaktari walifanya waliloweza. Joto lilikuwa limeunguza misuli, na figo zilikuwa zimeacha kufanya kazi. Akapelekwa Bishkek ile ile alikokuwa aende kushindana, ila alikwenda amelazwa. Siku zikapita akisafishwa damu kwa mashine. Alipopata fahamu, daktari mmoja mwanamke aliketi kando ya kitanda. Mederbek alikuwa amesimama dirishani, Gulsana mlangoni.

"Aizirek, niambie, ilikuwaje?"

Msichana alimtazama baba yake kwanza.

"Niliteleza," akasema. "Nilikuwa naoga, nikateleza. Baba hakuwepo."

Hakuna aliyekuwa amemfundisha maneno hayo. Mtoto aliyeomba hewa akanyimwa, sasa alikuwa akimfichia siri aliyemnyima. Mederbek anasema hajawahi kuona aibu kama ya siku ile.  Alikaa chini sakafuni mbele ya daktari na mkewe.

"Anadanganya kwa ajili yangu," alisema. "Nilikuwepo. Alinigongea, nikamzuilia mlango."

 Gulsana alimsogelea mwanawe, akampa mgongo mumewe.

Mederbek alikwenda polisi, akaeleza kila kitu, na sehemu yake pia. Habari zilipofika mtaani, wazazi wa wanamieleka wengine walimjia nyumbani, si kumpa pole.

"Futa maneno yako," baba mmoja alimwambia. "Wako ameshatoka mchezoni. Wetu bado wana nafasi. Unataka kuwazibia?"

"Wako anakunywa maji nyumbani?" Mederbek alimuuliza.

Yule baba akageukia mlango.

"Nimekuuliza. Anakunywa mbele yako, au anakunywa akijificha?"

Wakaondoka bila kuaga. Wengine hadi leo hawamsalimii. Lakini mama mmoja alirudi kesho yake na binti yake tu, akamkunjia suruali mbele ya Gulsana, na alama zikaonekana. Akafuata wa pili. Bakas akafunguliwa mashtaka na ukumbi ukafungwa. Mederbek naye alisimama mahakamani akahukumiwa kifungo cha nje. Aliniambia alitamani wangempa kikubwa zaidi.

Aizirek yuko hai. Anakwenda shule, anacheka na bibi yake. Mieleka hatacheza tena, na kliniki ya figo ataiendea maisha yake yote. Alimwambia baba yake kwamba amemsamehe, na alisema kweli. Lakini mwili haukusikia. Kila akiketi kula, kabla ya kugusa mkate, macho yake humwendea baba yake, yakisubiri ruhusa. Hajui kwamba anafanya hivyo.

Mederbek anajua. Kwa hiyo chakula kikitandikwa, huinuka, huchukua kofia yake, na kwenda kukaa nje kwenye ngazi, hata baridi iwe ya kukata masikio, mpaka mwanawe ashibe.

FUNZO

Wazazi, mtoto hawi mali ya kocha kwa sababu ana kipaji, wala hawi mali yetu kwa sababu tumemzaa. Kocha anayempiga, anayemtukana kwa mwili wake au anayemkataza maji, hamfundishi mchezo. Anamuumiza, na anayekaa kwenye benchi akitazama anamsaidia kumuumiza. Msiseme, "Hata sisi tulipigwa." Waulizeni watoto wenu maswali wakiwa mbali na kocha, na majibu yakiwatia aibu, yapokeeni hivyo hivyo. Na mtoto akiwaambia hawezi zaidi, mfungulieni mlango wakati bado anagonga.