Folda Isiyotiwa Mzigo

Diski ya seva ilikuwa ikisaga, ingawa hapakuwa na kazi yoyote iliyoiamuru kusaga. Dorotea aliinamisha kichwa, akasikiliza, kisha akachomoa waya wa mtandao. Ikaendelea kusaga.

Ulikuwa mchana mmoja wa mwaka 1998, ndani ya lililokuwa ghala la pamba karibu na gati la Kamanga, ambamo Mzee Taher sasa aliuza huduma ya intaneti. Wezi walikuwa wamepenya tovuti za wateja wake kupitia programu ya mfano iliyosahauliwa ndani ya seva, na Dorotea, fundi wake, aliagizwa kuifungia wezi mianya kwa kuiondolea kila faili isiyo na kazi. Alikuwa na mimba ya miezi minne. Mbili zilizotangulia hazikufika hapo, na kila asubuhi, kabla hajatoka nyumbani kwake Kiseke, alilishika tumbo lake kama ashikaye yai.

Alikuwa ameshafuta michezo, kisha programu za mifano, kisha akaunti za watu walioacha kazi. Ikabaki folda moja, tupu, iliyoitwa Chumba.

“Hiyo iache,” Mzee Taher alikuwa amemwonya asubuhi. “Tangu babu yangu, kila ghala letu lina chumba kimoja kisichotiwa mzigo. Wenyewe wasioonekana wanakaa humo, nasi tunakaa kwetu.”

“Mzee, humu mna chuma na sumaku tu. Hata popo hakai.”

“Haya, msomi, akili zako zimezidi nywele. Lakini iache.”

Dorotea aliipima kauli hiyo dhidi ya kanuni aliyofundishwa chuo kikuu, kwamba kisicho na kazi ni mlango wa mwizi. Akaifuta.

Kwanza ikaja harufu, ya tope bichi lililozikwa pamoja na kitu kilichokuwa hai. Kisha ile sauti ikaiacha diski, ikashuka mezani, ikaukwaruza ukuta wa kwanza, ukuta wa pili, mlango, kama mtu aliyetolewa nyumbani bila taarifa anayejaribu vitasa vyote vya mtaa, habishi hodi wala haombi, na kwa kila kitasa kinachomkatalia ghadhabu yake inapanda, mpaka sauti ikafika nyuma ya kiti cha Dorotea, ikanyamaza.

“Umeifuta?” Mzee Taher alinong’ona mlangoni, kiganja puani.

“Nairudisha, mzee. Tazama, ipo.”

“Folda ipo. Mwenyewe je?”

Diski ilikuwa kimya.

“Mwambie arudi!”

“Kwa lugha gani, binti? Umemvunjia nyumba mchana kweupe, nawe umekaa mbele yake na…” Macho yake yakamshuka Dorotea hadi tumboni. “Toka. Toka humu upesi!”

Dorotea akasimama, na hapo mtoto akacheza. Ilikuwa mara ya kwanza. Furaha ilimwahi kabla ya hofu. Akaweka kiganja ubavuni, akatabasamu huku machozi yakimlenga.

Kisha teke likaja upande wa pili, zito, la baridi. Mtoto akajibu kwa haraka, kama mwenye nyumba anayeegemea mlango kwa bega. Wakasukumana humo, chini ya viganja vyake viwili, naye hakuwa na namna ya kumsaidia aliye wake.

Mmoja akatulia.

Mwingine akajinyoosha, taratibu, baridi yake ikaenea kila pembe.