Lebo za Nne na Tano

"Namba nne?" aliuliza mama.

"Namba nne, mlango," alijibu Kalamu.

Alasiri zao zilikuwa hivyo. Akitoka shule, Kalamu alipitia karakana ya vifuniko vya sufuria, ambako mama yake alikuwa fundi umeme. Aliketi kwenye meza ya nyaya, nje ya mstari wa njano uliochorwa sakafuni, akaandika namba kwenye vipande vya plasta na kuvizungusha kwenye ncha za nyaya. Mama alifuata namba hizo, akakaza skrubu. Ndiyo maana mafundi walimpachika jina la Kalamu.

Nyaya zilitoka kwenye presi, mashine kubwa inayoshindilia bati mpaka ligeuke kifuniko, zikaingia kwenye kisanduku kinachoiongoza. Kila waya ulianzia kwenye kihisi, kidude kisichozidi kidole gumba. Namba nne kilikaa mlangoni pa presi: mlango ukifunguliwa, mashine inasimama. Namba tano kilikaa kwenye kikapu: vifuniko vikijaa, taa ya njano inawaka, basi.

"Dada umeme!" Spana, mwendesha presi, alisimama mbele yao na kikombe chake cha chai. "Safari hii usiviunguze, eh? Tajiri hana mti wa kuchuma vihisi!"

Wapakiaji wa vifuniko waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Mama akainama, akakaza skrubu iliyokwisha kukazwa.

Kalamu alijua ukweli. Wiki iliyopita alimwona Spana akiosha presi kwa mpira wa maji, maji yakirukia vihisi. Vilipoungua, Spana akamsingizia mama, na tajiri, mwenye karakana, akatoa onyo: kosa moja zaidi, kazi hana. Leo walikuwa wakifunga vihisi vipya.

"Mama, mbona humwambii tajiri?"

"Nyamaza, mwanangu. Tumalize kazi."

 Mama alipokwenda kuchukua bisibisi nyingine, Kalamu alibandua plasta mbili, akazibadilisha: nne kwenye waya wa kikapu, tano kwenye waya wa mlango. Kikapu kikijaa, presi itagoma. Spana atahangaika, atatoka jasho, achekwe yeye. Kisha mama ataitengeneza kwa dakika moja, wote waone nani fundi. Leo atakiona cha mtema kuni!

Mama alirudi, akafunga nyaya akifuata lebo za binti yake bila shaka yoyote. Ilibaki kupima. Kwa kawaida, kabla ya kukabidhi mashine, mama hufungua mlango wake kwa kijiti, ahakikishe inasimama. Lakini leo tajiri alimwita ofisini.

"Msiiwashe kabla sijapima," mama aliagiza.

"Tukisubiri vijiti vyake tutalala hapa," Spana alisema mama alipotoweka. Akawasha.

Kikapu kilijaa. Presi ikagoma.

"Spana, mashine imekununia!" mpakiaji mmoja alipiga kelele. "Iombe radhi!"

Spana alizunguka, akabonyeza huku na kule, jasho likimtiririka. Kalamu alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Kikapu kilipomwagwa, presi ikaendelea. Mara bati moja likakwama upande. Spana akafungua mlango kama kawaida, akaingiza mkono alinasue.

Taa ya njano ikawaka. Presi haikusimama.

Kicheko kilimkauka Kalamu. Alikuwa amefikiria kikapu tu, akasahau kwamba waya wa mlango nao umehama!

Aliruka mstari wa njano, akagonga kitufe chekundu cha dharura kwa kiganja. Presi ilisimama. Kati ya chuma na vidole vya Spana palibaki nafasi ya kupitisha daftari.

Mama na tajiri walikuja mbio. "Fundi!" tajiri aling'aka. "Nilikuonya!"

"Si mama!" Kalamu alilia. "Nimebadilisha lebo mimi. Nilitaka Mjomba Spana achekwe. Sikutaka aumie."

Spana aliketi sakafuni, akivitazama vidole vyake kimoja kimoja.

 Mama alirudisha kila waya mahali pake, akafungua mlango kwa kijiti mara tatu. Mara tatu presi ikasimama. Kisha akachuchumaa mbele ya binti yake.

"Ulitaka aibu tu, nusura ukate mkono wa mtu. Kisasi hakina kipimo, mwanangu. Ukikianzisha, huwezi kukiambia kiishie wapi. Ukidhulumiwa, sema waziwazi, mbele ya watu."

"Lakini wewe hukusema, mama."

"Kweli," mama alikiri. "Nilikufundisha vibaya."

Akainuka, akamkabili tajiri. Sauti ilimtetemeka, lakini hakuishusha.

"Vile vihisi sikuviunguza mimi. Spana alivimwagia maji, na mimi nikaogopa kusema. Nimekasirika tangu siku ile. Nataka onyo langu lifutwe leo, mbele ya hawa hawa walionicheka."

Tajiri alimgeukia Spana.

"Ni kweli, tajiri," Spana alisema kutoka sakafuni. "Ni mimi. Fundi, nilikuonea."