Uzito Sahihi, Umbo la Kinyume

Katungu alitoka katika ukoo ambao jina lake halikuwahi kutajwa kwa minong'ono. Baba wa babu yake, Kambale Mbusa, alishuka kutoka Lubero akiuza maharagwe, na hakuna mnunuzi wa Kisangani aliyewahi kulifungua gunia lake akakuta mawe chini. Babu yake, Télesphore, alisomeshwa na Mabruda katika shule ya ufundi, kisha akafanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Yangambi, akichora ramani za maghala na vipuri vya mashine za kukamulia mawese. Baba yake, Osée, alikuwa na duka la misumari na mabati huko Makiso, mtaa wa Kisangani, na watu walimpelekea wana wao awafundishe biashara. Hao ndio waliomtangulia, na msichana huyu wa miaka kumi na minne alilijua hilo vizuri, kwa kuwa aliambiwa kila Jumapili baada ya misa.

Kila siku masomo yalipokwisha, Katungu hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alikwenda kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi ya mkuu wa shule, ambako Mwalimu Landry alikuwa akiwafundisha wanafunzi saba kuchora vipuri vya mashine kwa kompyuta. Hapo zamani chumba kilikuwa na kompyuta nne. Umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo uliziua tatu, moja baada ya nyingine. Iliyobaki ilichukua dakika nane kuamka, na wanafunzi waliigawana kwa zamu, kila mmoja dakika ishirini, endapo umeme ungekuwapo. Mara nyingi haukuwapo. Siku hizo waliketi mbele ya kioo cheusi wakibonyeza vitufe vya kibodi iliyozimika, ili vidole visisahau.

Walikuwa wakijiandaa kwa mashindano ya shule za mji. Mshindani hupewa karatasi yenye mchoro wa kipande kimoja cha chuma, kilichoonyeshwa kutoka mbele, juu na ubavuni, pamoja na vipimo vyake vya milimita. Kazi yake ni kukijenga kipande hicho ndani ya kompyuta, kikiwa na unene na matundu yake yote. Akimaliza, programu humwonyesha uzito wake. Uzito ukilingana na ule walionao waamuzi, kazi imekubaliwa, na mwenye muda mfupi kuliko wote ndiye mshindi.

Shule ya mshindi ingepewa kompyuta mbili mpya. Mkuu wa shule alikuwa amesema waziwazi kwamba pasipo kompyuta hizo chumba kile kitafungwa na kupewa darasa la ushonaji, kwa sababu hakuona faida ya kuweka ulinzi juu ya mashine moja inayokufa.

Mwezi wa kwanza Katungu alihitaji dakika hamsini na mbili, yaani karibu zamu tatu, kwa kipande kimoja. Mwalimu Landry alimsimamia akiwa na simu mkononi, akipima muda. Alimfundisha kuuacha mkono wa kulia kwenye kipanya na kuamuru kwa vidole vya kushoto, bila kutafuta amri kwenye orodha. Alimfundisha kuanza na mwili mkubwa wa kipande, kisha matundu, na kuzipa pembe mviringo mwishoni kabisa, kwa kuwa pembe zilizoviringishwa mapema huvuruga kila kinachofuata. Kama kipande kina nusu mbili zinazofanana, chora nusu moja, mashine ikutengenezee ya pili. Dakika zikapungua hadi thelathini, ishirini, kumi na moja. Kila shule ilikuwa na nafasi ya mshindani mmoja tu, na Katungu aliipata kwa kumshinda rafiki yake Gédéon kwa sekunde arobaini.

Nyumbani hapakuwa na kompyuta. Palikuwa na babu yake, ambaye alimwita Koko kama watoto wengi wa Kisangani wanavyowaita babu zao. Mzee Télesphore alimwekea mezani michoro yake ya zamani, akamwamuru aweke mikono mgongoni na aisome kwa dakika mbili nzima, akianzia kwenye kile kisanduku cha maelezo kilichoko pembeni chini, ambacho mafundi hukiita kartushi.

"Kalamu yangu haikuwa na kitufe cha kufutia," alisema. "Nilikosea mara moja, ghala la Yangambi likajengwa na mlango unaotazama mtoni. Soma kwanza."

Katungu alitii akiwa mbele yake, lakini moyoni aliona dakika mbili ni anasa kwa mtu anayeshindania sekunde. Alipomsimulia Gédéon, yule kijana alicheka mpaka akashika tumbo, akamuuliza kama Koko wake anataka asali rozari nzima kabla ya kugusa kibodi.

Tena shuleni hapakuwa na kartushi ya kusoma. Karatasi zilikuwa adimu, na Mwalimu Landry, ili michoro miwili ienee katika nakala moja, alikata kingo zote kwa mkasi. Michoro yenyewe ilitoka katika kitabu kimoja cha zamani cha Mabruda. Wanafunzi wale saba walizoea mchoro usio na pembeni, na hakuna aliyehisi kwamba amepungukiwa na kitu.

Jumamosi ya mashindano ilifika. Shule kumi na mbili zilikusanyika katika ukumbi mmoja wa Makiso, na jenereta ilinguruma nje ya dirisha. Mwamuzi mkuu alikuwa Mama Marie-Jeanne, mhandisi mwenye miwani minene, ambaye aliwaeleza kanuni kwa sauti ya chini bila kutabasamu. Michoro, alisema, ilitumwa na waandaaji kutoka ng'ambo.

Karatasi zilipogeuzwa, Katungu alikitambua kipande mara moja: kitako cha kushikilia mhimili, chenye sikio moja lililojitokeza upande mmoja. Vidole vyake vilianza kukimbia kabla ya mawazo. Mwili, tundu kubwa, matundu manne madogo, sikio, pembe. Hapa na pale mistari ya vipande vipande, ile inayoonyesha kilichofichika nyuma, haikukaa kama alivyotarajia; aliiona, akaipita. Meza ya pili kutoka kwake, msichana mmoja anayeitwa Aïcha alikuwa bado anaitazama karatasi yake, hajagusa kitu, na watazamaji wawili walikuwa wakimcheka chinichini.

Katungu aliinua mkono. Dakika tisa na sekunde arobaini. Uzito ulioonekana kwenye kioo ulilingana na wa waamuzi hadi nukta ya mwisho. Mwalimu Landry, kando ya ukumbi, aliandika muda huo kwenye simu yake. Gédéon, aliyekuja kumshangilia, alianza kuhesabu kwa vidole ni wapi kompyuta mbili zingewekwa.

Wengine walipokuwa bado wanafanya kazi, Katungu aliichukua karatasi yake aitunze iwe kumbukumbu. Hapo ndipo macho yake yalipoangukia pembeni chini. Katika kartushi palikuwa na alama ndogo: koni iliyokatwa ncha, na kando yake duara mbili. Alikuwa ameiona alama hiyo kwenye michoro ya Koko, lakini pale duara zilikaa upande mwingine.

Koko alikuwa amemweleza jambo hilo zaidi ya mara moja. Mafundi wa Ulaya, waliowafundisha Mabruda, huweka kulia kile unachokiona ukisimama kushoto, kana kwamba kipande kimetupa kivuli chake ukutani mbele yako. Mafundi wa Amerika hukiweka upande uleule ulikosimama. Karatasi hii ilikuwa ya Amerika, naye ameisoma kwa njia ya Ulaya, toka mwanzo hadi mwisho. Sikio alilolijenga lilitazama nyuma badala ya mbele. Kila kipimo kilikuwa sahihi, na kipande kizima kilikuwa cha kinyume, kama taswira ndani ya kioo.

Mashine haikuweza kulijua hilo. Mashine ilipima uzito tu.

Alimwonyesha Mwalimu Landry. Mwalimu aliifuata alama ile kwa kidole, akaelewa. Gédéon alisogea, akaelewa nusu ya jambo, akamshika Katungu mkono.

"Mashine imekubali, donc imeisha," alinong'ona. "Unatafuta nini ingine? Funga kinywa, ndugu yangu. Kompyuta mbili."

Katungu alimgeukia mwalimu. Alitaka aambiwe la kufanya, hata kama angeambiwa vibaya.

"Kanuni inasema uzito," Mwalimu Landry alisema polepole. "Haisemi kitu kingine." Kisha akainamisha kichwa. "Lakini mimi ndiye niliyekata zile karatasi. Mimi siwezi kukuamulia, mwanangu."

Katungu alibaki amesimama. Alikiona kile chumba, viti vyake saba, na wadogo wawili wa darasa la chini waliokuwa wakibonyeza kibodi iliyozimika kwa imani kamili. Akinyamaza, wote wale wangebaki humo. Akisema, hakuna hata mmoja ambaye angemshukuru. Alijua pia kwamba kila mara atakapoiwasha kompyuta mpya, kitu cha kwanza atakachokiona ni lile sikio linalotazama nyuma. Akavuka ukumbi.

"Mama," alimwambia mwamuzi mkuu, "kipande changu ni cha kinyume."

Mama Marie-Jeanne aliangalia orodha yake. "Uzito wako ni sawa."

"Ndiyo, Mama. Kiatu cha kushoto na cha kulia vina uzito sawa pia."

Mwanamke yule alivua miwani, akaivaa tena, akaja kwenye meza ya Katungu. Alikizungusha kipande kwenye kioo, akakilinganisha na karatasi. Kisha akaagiza kazi zote kumi na mbili zifunguliwe na kukaguliwa kwa macho, si kwa uzito pekee. Kazi tatu nyingine zilikutwa na kosa lilelile. Zote nne zilifutwa. Mvulana mmoja kati ya hao watatu alilia mbele ya watu, na mama yake alimtazama Katungu kwa chuki ambayo msichana huyo hakuwahi kutazamwa nayo maishani mwake.

Ushindi ulikwenda kwa Aïcha, aliyetumia dakika kumi na tisa, tatu za kwanza akiwa anasoma.

Mama Marie-Jeanne alimpa Katungu mkono walipokuwa wakiondoka. Alimwambia kwamba ni vema amesema, maana kipande kile kingefika kwa fundi kisingeingia mahali pake. Hayo tu. Hakukuwa na zawadi ya pili, wala cheti cha uaminifu. Gédéon alipanda toleka peke yake, akiwa nyuma ya mwendesha baiskeli bila kugeuka.

Jumatatu mkuu wa shule aliuchukua ufunguo. Jumatano cherehani zililetwa. Kompyuta ile ya mwisho ilihamishiwa ofisini kwake, ikafunikwa kitambaa, na haikuwashwa tena.

Nyumbani Katungu aliisukuma sahani yake ya lituma, ndizi zilizopondwa ambazo kwa kawaida hakuzibakiza. Siku ya tatu babu yake aliketi mkabala naye.

"Koko," alisema Katungu, "ningenyamaza, chumba kingebaki."

"Kingebaki," alijibu Mzee Télesphore. "Sitakudanganya."

Katungu alitazamia neno la faraja, halikuja. Mzee alimweleza kwamba amefanya kosa moja na jambo moja jema, na kwamba hapaswi kulitumia jema kuficha kosa. Alikuwa amefundishwa kusoma kwanza, akadharau. Kwa hilo amejiangusha mwenyewe, na wenzake pamoja naye. Aliposema kweli hakurudisha kitu chochote kilichopotea.

"Ukweli haukununulii chumba," alisema. "Umekuzuia tu usiwe mwizi wa kompyuta za Aïcha. Kwa mtu wa ukoo huu, hicho kinatosha. Lazima kitoshe. Sasa kula."

Akala, bila kuonja.

Wiki iliyofuata Mwalimu Landry alifika nyumbani kwao amevaa koti, kama mtu aliyekwenda kuomba msamaha, na kwa kweli ndilo lililomleta. Alikiri mbele ya mzee kwamba amekata katika kila karatasi sehemu iliyokuwa na maana kuliko zote, kwa ajili ya kubana nakala. Kisha akauliza kama mzee angekubali kuwafundisha wanafunzi kuchora kwa penseli na rula, kwa karatasi kamili, wajue kusoma njia zote mbili, ya Ulaya na ya Amerika, wasikosee tena.

Basi wakaanza, mara mbili kwa wiki, kwenye meza tatu za darasa tupu. Mwanzoni walikuja wanne kati ya saba. Gédéon alikuja siku ya tatu, akaketi mwisho, hakumsalimu mtu. Hakuna aliyewaahidi kompyuta, wala hakuna aliyejua kama wangeigusa tena kabla ya kumaliza shule. Lakini baada ya mwezi mmoja hapakuwa na mtoto kati yao aliyeweza kudanganywa na mchoro wa kinyume, na Katungu ndiye aliyewasahihisha wenzake.

Siku mwezi huo ulipotimia, Mzee Télesphore alisimama mbele yao, mgongo umenyooka, akangoja mpaka kiti cha mwisho kikanyamaza.

"Sikilizeni, maana sitarudia," alisema. "Mkono mwepesi ni kitu chema, na Katungu anao. Lakini iko siku kipande mtakachochora kitakuwa cha breki ya lori, na hapatakuwa na mwamuzi wa kukikagua kabla lori halijateremka. Someni karatasi yote kabla ya kuanza. Na mkikosea, semeni wenyewe, hata kama kwa kusema mnapoteza kila mlichokuwa nacho. Siwaombi. Nawaagiza, nanyi mtashika."