Kishimo cha Mzee Barrault

Kila asubuhi Léonie Vasseur aliketi dirishani kwake, katika kituo cha kutazama nyota pale Paris, akisafisha picha za mwezi. Picha zenyewe zilikuwa za vioo. Palipoingia vumbi palibaki kitobo cha mwanga, naye alikiziba kwa tone la wino kwenye ncha ya brashi.

Kitobo kimoja alichokiziba hakikuwa cha vumbi. Alikuja kulijua hilo siku Mzee Barrault, mchora ramani, alipoitwa mbele ya wakubwa. Mzee alikuwa amechora kishimo kwenye uwanda wa mwezi, akaapa kwamba alikiona kwa darubini. Kioo kikaletwa kimtolee ushahidi. Hakikuonyesha kitu. Wakamwita mzushi, wakamfukuza. Léonie alisimama palepale, wino ukiwa bado kidoleni, akanyamaza kwa kuogopa kibarua chake kisije kikaota nyasi. Baada ya wiki tatu mzee akafa.

Aibu ikamla Léonie asilale wala asile. Mwishowe akaamua kuukwangua ule wino kwa sindano, kishimo kionekane, jina la mzee lisafishike. Wino ulikuwa umekauka miezi mitatu. Ulipobanduka, mwanga ukapenya. Akakimbia kumwita mkuu wa kituo. Waliporudi, kitobo kilikuwa kimezibwa kwa wino mbichi.

Mkuu akamwambia kwa upole kwamba macho yake yamechoka, aende akapumzike.

Kesho yake akakwangua tena. Akafunga mlango, ufunguo akautia kifuani. Aliporudi, wino mbichi. Siku ya tatu hakutoka. Alikikodolea macho kile kioo. Akapepesa mara moja tu. Wino ukamchuruzikia mkononi.

Akaenda kwa mjane, angalau aungame kwake. Madame Barrault hakuwa ameinuka kitandani tangu mazishi. Miguu ilikuwa imekataa. Léonie akapiga magoti. Kabla hajafungua kinywa, mjane akanong'ona:

"Usijisumbue, mwanangu. Mume wangu Théodule kashaniambia yote."

"Madame, nataka kukifungua tu. Watu wajue alisema kweli."

"Anajua. Ndiyo maana anakiziba. Hataki upate nafuu."

Léonie akalia mpaka sauti ikakauka. Alipoinuka kuondoka, akauona upande wa pili wa kitanda. Mto ulikuwa umebonyea, kama umetoka kulaliwa. Katikati yake palikuwa na alama ya kidole gumba, ya wino, bado mbichi.